Nafasi Moja Kwenye Tenga la Magadi

Fyuuu. Mluzi umelia tena usiku huu, ule mrefu, ule usiosikika masikioni bali ndani ya mfupa wa kichwa, na mtaa wote ukaganda. Mimi niliganda nimekaa kitandani, titi liko nje ya kanga, mkono umenyooka kuelekea kwa mwanangu na haujamfikia. Siwema yeye alikuwa amelala, mdomo wazi, anapumua kwa raha zake. Hakusikia kitu. Na hilo ndilo linaloweza kutuangamiza sote humu ndani, kwamba mwanangu hakusikia kitu.

Nasimulia haraka, mnisamehe, kunakaribia kupambazuka na nina jambo la kuamua, nimeligeuza huku na huku limenishinda. Wewe mwenye punje nyuma ya sikio, kama bado uko upande huu wa kilima, tafadhali usinisikilize, nenda zako, ni kwa usalama wako na wangu. Usiye na punje kaa. Nisikilize vizuri kwa sababu mwishoni nitakuuliza.

Watu wenyewe ni watatu. Kuna Bi Salha, mkunga wetu, mwenye mikono isiyotetemeka; ameshika kila kichwa kilichozaliwa mtaa huu, na changu kimo. Kuna Nassibu, jirani yangu wa chumba cha pili, kazi yake kupaka grisi magurudumu ya waya unaovusha magadi kilimani, na kipaji chake ni kuiga. Mtazame mara moja, kesho anatembea kama wewe, anakohoa kama wewe. Na kuna Mbaruku, mume wangu. Mbaruku anajua kutouliza. Msicheke. Ni kipaji, mtaona.

Sasa hii punje. Ni kidude cha chuma, kidogo kama mchele, na kila mtoto wa Magadini hutiwa nyuma ya sikio siku ya arobaini yake, siku ileile anayotolewa nje kwa mara ya kwanza. Kwa njia hiyo Mlezi anasema nasi. Hakuna aliyewahi kumwona Mlezi, yuko Mnarani, wanasema, au hayuko popote, ni mitambo tu, sijui. Lakini akisema "Simama," miguu yako imeshasimama kabla moyo haujakubali. Akisema "Chimba," unachimba. Msikilizaji wake akikuelekezea kile chombo chake na kukwambia "Sema," unasema yote unayoyajua, hata ya chumbani, hata ya aibu. Ukijaribu kukaza, kichwa kinauma mpaka unatapika, na mwisho unatii vilevile. Wanawake wanyonyeshao tu ndio hawaambiwi "Sema," kwa sababu imeonekana inakausha maziwa, na Mlezi anawataka watoto wakue waje kuchimba magadi.

Na usiku hupigwa mluzi. Mluzi ukipigwa wenye punje wote huganda, wakubwa kwa wadogo, ila watoto wachanga, hao hulia, wanalia kweli, nadhani unawauma. Basi wasikilizaji hupita vichochoroni na tochi zao, wao punje zao zimetengenezwa kivingine, wanatega sikio kila nyumba yenye mtoto. Nyumba ambayo mtoto halii, hiyo ina jambo.

Nianze na Bi Salha.

Siku ya arobaini ya Siwema alikuja asubuhi, amevaa kanga mpya, na kisanduku cha Mnara kwapani. Kwanza tukafanya mambo yetu ya kizee, yale Mlezi anayotuachia kwa sababu hayamdhuru. Akambeba mtoto akamzungusha nyumba nzima, akimwonyesha. "Hapa jikoni, hapa hupikwa. Hapa uani, hapa hufuliwa na kusengenywa. Huyu ni paka, mwizi, usimwige." Siwema akampigia chafya usoni. Bi Salha akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ana dharau, Mwasiti. Kaitoa wapi dharau hii?"

"Kwa bibi yake mzaa baba," nikasema.

Ndipo amri ikaja. Niliiona ikimwingia, shingo ilinyooka, kicheko kikakatika katikati. *Weka.* Akafungua kisanduku, akachukua sindano yenye punje, mkono ukaenda kwenye sikio la mwanangu, umetulia kama siku zote. Halafu ukasimama. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu yeyote. Ule mkono ukaanza kutetemeka. Damu ikamtoka puani, ikamtiririkia kidevuni, ikadondokea kanga mpya, na mdomo wake ulikuwa ukisema polepole, "Si... huyu. Si huyu." Akaugeuza mkono. Nasema aliugeuza, sijui mnaelewa, mtu wa Magadini hageuzi mkono. Akaidunga sindano nyuma ya sikio lake mwenyewe, upande wa pili uliokuwa mtupu.

Kule Mnarani punje ikasikika iko hai ndani ya nyama, wakaridhika. Lakini punje mbili katika kichwa kimoja haziachani, zinaitana usiku na mchana. Bi Salha alitoka kwangu akiyumba. Baada ya siku chache alikuwa hajui njia ya kwake. Wasikilizaji walipomwambia "Sema," alisema, alisema sana, majina ya watoto aliowazalisha, bei ya vitunguu ya zamani, nyimbo za kuogeshea mtoto, vyote kwa pamoja, vimechanganyika, mpaka mmoja akamwambia mwenzake, "Twende zetu, huyu bibi amezeeka vibaya." Nikamchukua akae nami. Huyu hapa analala miguuni pangu. Anaponiita ananiita kwa jina la mama yangu.

Kwa hiyo Bi Salha alitoa akili yake.

Halafu Nassibu.

Mluzi wa kwanza baada ya arobaini ulinikuta nimesimama, nimeshika birika. Nikaganda nalo. Macho yangu yalikuwa yametazama mlango, sikuweza hata kuyapepesa, na nyuma yangu kwenye kitanda mtoto kimya. Nyumba ya jirani wa kushoto mtoto analia, ya mbele analia, kwetu kimya. Nikasikia viatu kichochoroni. Nilipiga kelele, lakini ndani tu, hazikutoka.

Pazia la mlango likasogea, akaingia mtu. Anatembea! Watu wote wa mtaa tumekuwa mawe na huyu anatembea, kifua wazi, msuli kiunoni. Akapita mbele ya macho yangu bila kunisalimu. Nikasikia Siwema akiachia kilio kimoja kikali. Viatu vikasimama chini ya dirisha, vikasikiliza, vikaendelea. Mluzi ulipokwisha birika likaniponyoka.

"Nimemfinya pajani," Nassibu akasema. "Samahani, shemeji. Si sana."

"Wewe... wewe huna?"

"Ilikufa. Nilikuwa mtoto, radi ilipiga waya wa magadi na mimi nimeushika. Nilipozinduka, Mlezi kimya. Mpaka leo kimya."

Fikirieni. Utoto wote, ujana wote, huyu mtu hasikii amri hata moja, anawatazama wenzake tu. Wakisimama anasimama, wakiganda anaganda, inzi anamtembea kwenye jicho na hapepesi. Mtaani tulikuwa tukimtania, Nassibu mtiifu, Nassibu kipenzi cha Mlezi. Kumbe ndiye mtu pekee aliyekuwa akifanya kila jambo kwa kutaka mwenyewe. Angeweza kuondoka siku yoyote na waya ule anaoupaka grisi. Nilimuuliza kwa nini hakuondoka, akasema alikuwa anangoja apate sababu ya kwenda au sababu ya kubaki, na hakuipata hata moja, basi akakaa.

Tangu usiku ule kila mluzi ukipigwa huja kumfinya mwanangu. Mapaja ya Siwema yana alama. Nassibu naye hausikii mluzi, hujua umepigwa kwa kuona wengine wameganda, na usiku watu wamelala, atajuaje? Basi aliacha kulala. Hukaa uani anamtazama paka. Paka wetu naye ana punje, paka wote wa Magadini wanazo, Mlezi hapendi chochote kinachojitembelea. Paka akikauka, Nassibu anaamka na kukimbia.

Kwa hiyo Nassibu alitoa maficho yake, na usingizi wake, na kila usiku aliweka shingo yake kwenye tochi ya mtu.

Wa tatu ni Mbaruku, na hapa naomba msiharakishe, maana watu wanamhukumu vibaya.

Kwetu baba haingii chumba cha mzazi mpaka arobaini iishe. Siku hiyo hukalishwa kwenye mkeka, mtoto anawekwa mapajani mwake, na yeye ndiye mwanamume wa kwanza kumpakata. Mbaruku alikuwa amenyoa. Alikuwa amenunua kofia. Mimi nikamngojea ndani na mtoto, ile damu ya Bi Salha nimeipangusa sakafuni. Akaja mpaka mlangoni akasimama upande wa nje wa pazia. Niliiona miguu yake.

"Mama Siwema."

"Ingia, baba Siwema. Mwanao huyu."

"Nimempita Bi Salha njiani," akasema. "Anayumba. Usiniambie kwa nini."

Nikamkumbatia mtoto.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Hilo linanitosha. Mke wangu, nisikilize. Mimi nikiambiwa 'Sema,' nasema. Sina nguvu ya kukaza, najijua, nilishawahi kujaribu na nilitapika mbele ya watu nikasema vilevile. Kwa hiyo usinionyeshe. Usiniambie. Wala usilie kwa namna ambayo nitaelewa."

"Hutaki hata kumwona?"

Miguu ile haikusogea kwa muda. Halafu ikaondoka.

Tangu siku hiyo analala barazani. Mvua ikinyesha analala barazani. Chakula nampitishia chini ya pazia. Mtoto akilia huinuka na kwenda mwisho wa kichochoro, asije akasikia kitu katika kilio kile akakielewa. Wanawake bombani wanasema mbele yangu, "Hivi yule mtoto ni wa nani hasa, mbona babake anamkimbia?" na mwingine anadakia, "Muulizeni Nassibu, ndiye anayeingia kwa pazia," na wanacheka. Mbaruku anayasikia hayo. Anajua mwanamume mwingine anaingia chumbani mwangu usiku, na hakuniuliza. Hakuniuliza hata hilo!

Wasikilizaji walimwita kwenye mizani ya magadi, mbele ya wachimbaji wenzake, wakamwelekezea chombo. "Sema. Mwanao ana punje?"

"Sijui."

"Sema. Umemwona sikio?"

"Sijamwona sikio. Sijamwona uso. Sijawahi kumwona."

Chombo hakidanganyiki. Walimtazama wakaangua kicheko. "Baba gani wewe!" Wakamwachilia, na kwa sababu yeye ni baba na hajui, wakaona hakuna cha kujua.

Kwa hiyo Mbaruku alitoa mtoto wake. Hakuvunja amri hata moja. Siku wakifikiri kumuuliza anashuku nini badala ya anajua nini, tumekwisha, na hilo silali nikiliwaza.

Sasa usiku huu. Mluzi umelia, nimeganda, mkono wangu haujamfikia mtoto, na Nassibu hakuja. Viatu vinakaribia. Hakuja. Paka, nimejua baadaye, alikuwa ameingia chini ya karai la kufulia akalala fofofo humo au akaganda humo, Nassibu hakumwona. Alipoona jirani wa barazani, ambaye ni Mbaruku wangu, mkono umemganda hewani akijipungia mbu, ndipo akajua, akakimbia, akalikanyaga lile karai. Bati likalia uani, mtaa mzima umeganda na bati linalia. Siwema akaamka mwenyewe kwa kishindo, akalia. Lakini tochi ikaja juu ya ukuta.

"Nani anatembea humo?"

Kimya, ni kilio cha mtoto tu.

"Nani anatembea?" Halafu nikasikia yule msikilizaji akimwambia mwenzake, taratibu, kama mtu anayepanga kazi, "Acha. Asubuhi nyumba yote inakwenda Mnarani. Wote waongezwe."

Kuongezwa ni kutiwa punje nyingine. Sisi tutatiwa ya pili. Bi Salha ya tatu, na mwili wake hautastahimili, hilo nalijua. Siwema atatiwa ya kwanza, na Nassibu atatiwa iliyo hai.

Mluzi ulipokwisha Nassibu akaingia, safari hii amenisalimu. Akaniambia kuna tenga tupu la waya linalovuka kilima kabla ya alfajiri, hujiendesha lenyewe, hakuna mlinzi. Nyuma ya kilima sauti ya Mlezi haifiki. Punje zinanyamaza huko. Lakini tenga ni la magadi, halikutengenezwa kwa watu. Linabeba watu wazima wawili na mtoto, wa tatu akipanda waya unajifunga na kengele inalia. Mimi lazima niende, Siwema hana chakula kingine ila mimi. Imebaki nafasi ya mtu mmoja.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mimi nataka," Nassibu akasema. Hakuinamisha macho. "Sitajifanya mwema, shemeji. Mimi ndiye waliyesikia nyayo zake. Hao wengine wataongezewa kitu wanachokijua. Mimi nitanyang'anywa kitu ambacho hawa hawajawahi kuwa nacho."

"Na Bi Salha?"

"Bi Salha alikaidi. Namvulia kofia. Mimi sijawahi kukaidi, hakuna amri iliyonifikia nikaikataa, sikuumwa hata jino. Lakini yeye alichagua mara moja tu. Mimi nimechagua kila usiku, na kila usiku ningeweza kulala."

"Na baba yake?"

"Mbaruku?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mbaruku ametii tu, shemeji. Alikaa akatii."

Nilitaka kumpiga kofi. Nikasema, "Kaa barazani wewe, na mwanao analia ndani, uone kama ni kutii."

Akasema, "Haya. Na akipewa nafasi yeye, mimi sitampinga. Lakini nimesema nataka, nimesema."

Tulipokuwa tunasemezana Bi Salha akafumbua macho. Huwa inatokea, zile punje zinapumzika kidogo, uso wake unarudi. Akamtazama Siwema, akamgusa nyuma ya sikio kwa kidole, pale patupu, akapapasa polepole. "Mimi nilifanya hivi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, wewe. "Kwa kutaka mwenyewe?" Ndiyo, kwa kutaka mwenyewe. Akatabasamu kama msichana. Nikataka kumuuliza, bibi, ungependa kwenda, huko ng'ambo akili yako huenda ikarudi yote, lakini kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshaanza kuniita kwa jina la mama yangu na kuulizia vitunguu.

Na Mbaruku? Yeye siwezi kumuuliza. Nikimwambia kuna tenga, amejua. Nikimwambia kuna nafasi, amejua. Nikisha kumwambia lazima nimchukue, maana nikimwacha na habari hizo, wasikilizaji watazipata zote asubuhi, na tenga litafuatwa kabla halijafika ng'ambo. Kwa hiyo huyu peke yake hawezi kuomba, hawezi hata kuombewa mbele yake. Nimechungulia pazia sasa hivi. Amekaa na lile blanketi mabegani, uso ameuelekeza barabarani. Akasikia nimesimama. Akasema bila kugeuka, "Usiseme kitu," halafu baada ya muda, "Anaendelea vizuri?" halafu haraka, "Hapana, usinijibu."

Nyuma ya kilima angeweza kugeuka. Angemwona mwanawe.

Basi ndiyo hayo. Mmoja aliipinga amri iliyokuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, mara moja, na ikamla akili. Mmoja tangu utotoni hakuamriwa, na kila usiku akajitia hatarini bila kulazimishwa na mtu. Mmoja alitii kila alichoambiwa, na katika kutii huko akajinyima kitu pekee alichokitaka duniani ili kisipatikane kinywani mwake. Mwondoe yeyote kati yao, mwanangu angekuwa na punje leo. Nimejaribu kumwondoa mmoja mmoja, nimejaribu, haiwezekani.

Waya umeanza kuguna kule juu. Nassibu amesimama uani na kopo lake la grisi, ananingoja, hasemi. Bi Salha amelala. Mbaruku yuko barazani na mgongo wake.

Wewe usiye na punje, wewe unayeweza kutaka kitu na kukifanya, ni yupi kati ya hawa aliyetumia hiari yake kweli, na ni yupi ungempandisha? Ninong'oneze sasa, jina moja tu, kisha niende. Sitamwambia mtu kwamba ni wewe uliyeamua. Hata huyo nitakayempandisha, hata Siwema akikua akiniuliza, sitamwambia.